Kona Zilizokatwa

Hurlingham,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Ami Waweru,

Salaam nyingi baada ya miaka mingi. Mimi ni Mabruka, binti wa Amin wa Amin Studio, yule mtoto aliyekuwa akikumalizia soda ukiiacha mezani. Wiki iliyopita niliingia duka la dawa hapa barabara ya Argwings Kodhek kutafuta dawa ya mafua, na mama aliyekuwa kaunta akanitazama mpaka nikaona haya. Mwishowe akaniambia, "Wewe ni wa Amin. Hiyo pua naijua." Ndiye Hannah, binti yako. Amenieleza kwamba uko Uthiru, mzima, ila masikio yamechoka na simu huisikii tena, na ujumbe wa simu huutaki kwa kuwa herufi zake ni ndogo. Basi nakuandikia barua, na posta yetu ni Hannah.

Jambo lenyewe ni hili. Negativu zote za studio bado ziko kwenye kile chumba cha ghorofa ya pili, nyuma ya River Road, ndani ya mikebe ya biskuti na makopo ya maziwa ya unga. Jengo limepata mwenyewe mpya, naye anataka chumba kiwe kitupu ifikapo tarehe 28 mwezi huu. Kuna maktaba iliyokubali kuzihifadhi kwa jina la Baba. Lakini karani wake, bwana mmoja aitwaye Odhiambo, ana sharti ambalo halilegezi: kila bahasha iwe kwenye katalogi, imeandikwa nani yuko pichani, mwaka gani, na nani aliyepiga. Ambayo haimo hapokei. Nami sina pa kuziweka, nyumba yangu ni vyumba viwili na kimoja kimejaa vyerehani.

Safu ya "aliyepiga" ndiyo rahisi, naandika Amin kila mstari. Nataka jina lake libaki mahali, Ami. Kaburi lake liko Mombasa, studio imegeuka duka la vifuniko vya simu, na wajukuu wake wanamjua kwa picha moja tu ukutani. Nafasi niliyonayo ni hii.

Sasa nisaidie. Kuna wanaume wamevaa koti la mirabaraba. Nilipoona wa kwanza na wa pili niliandika "ndugu wawili". Walipofika kumi nikaandika "ukoo". Sasa nimefika watu sitini na wawili, warefu kwa wafupi, na mmoja ni kasisi. Huu ulikuwa ukoo gani?

Wako,
Mabruka

*

Uthiru,
Jumatano, 5 Februari 2025

Mwanangu Mabruka,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma kwa sauti, na Hannah akanikanya kwamba majirani wote sasa wanajua habari zako.

Huo ukoo haupo. Koti lilikuwa la studio. Mtu alikuja mjini kutoka mashamba ya Limuru au kutoka jikoni kwa tajiri huko Loresho, anataka picha ya kupeleka nyumbani, na shati lake lina tundu kwapani. Baba yako hakumwambia neno. Alitoa koti kwenye msumari, akalishika hivi kama mhudumu wa hoteli, na mtu akaingiza mikono. Mrefu kwa mfupi, tulilibana kwa vibanio vya nguo mgongoni. Ukitazama picha unaona bwana mkubwa. Ungepita nyuma yake ungeona kamba ya kuanikia nguo. Kasisi alilivaa kwa kuwa alimwagikiwa na chai kwenye ngazi.

Lakini umefanya vizuri kuliuliza, maana koti hilo ni kalenda. Lilinunuliwa 1974, mwaka nilioingia kazi, likiwa na vifungo vitatu. Mwaka 1981 akaja bwana harusi aitwaye Zachariah, tumbo lake limemtangulia. Tulimwomba aliache wazi. Akasema bwana harusi hawezi kuonekana kama amekimbia moto. Baba yako aliposema "tulia", kifungo cha kati kikaruka kikampiga mama mkwe kwenye shavu. Kuanzia hapo vifungo ni viwili. Mwaka 1990 mtoto wa mteja alimeza cha chini. Mama yake alirudi baada ya siku tatu kutuambia mtoto ni mzima, ila kifungo hakukirudisha na sisi hatukukidai. Kwa hiyo: vitatu, kabla ya 1981. Viwili, mpaka 1990. Kimoja, mpaka tulipofunga 2006.

Mwambie Odhiambo hakuna maktaba yenye kalenda kama hiyo.

Ni mimi,
Waweru

*

Hurlingham,
Jumapili, 9 Februari 2025

Ami Waweru,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Odhiambo nilimsomea habari ya vifungo, naye hakucheka, lakini alisema, "Hiyo naweza kukubali." Kwake hayo ni makofi.

Kazi inakwenda mbio sasa. Nimefikisha bahasha mia sita na kumi na moja. Baba alikuwa na mkono uliotulia, kila mtu kasimama katikati, mabega sawa, nyuso zimeoshwa. Najivuna hata nikiwa peke yangu mle ndani.

Nina mambo mawili. Kwanza, pazia la nyuma lenye maporomoko ya maji lilichorwa na nani? Ndege aliyemo anaonekana ana miguu mitatu.

La pili si swali. Kuna bahasha nyingi ambazo negativu zake zimekatwa kona kwa mkasi, kona moja, upande wa juu kulia. Nimefahamu kwamba ndizo zilizoharibika, Baba alizitia alama ili zisichapwe. Yaani mtu aliyekuwa mwangalifu hivyo. Nyingine mimi naziona nzuri kabisa, watu wanacheka, watoto wanatazama pembeni, lakini jicho langu si jicho lake. Nimezitenga kwenye magunia mawili. Mutinda, anayekusanya plastiki Kangemi, atakuja kuzichukua Ijumaa, na hivyo nitakuwa nimemaliza nusu ya vurugu kwa siku moja.

Jina la Baba litakuwa limekaa pazuri kabla ya Ramadhani. Nakushukuru sana.

Mabruka

*

Uthiru,
Jumanne, 11 Februari 2025

Mabruka,

Pazia lilichorwa na mchoraji wa mabango ya hoteli. Mguu wa tatu ni tawi.

Hizo za kona, fanya unavyoona. Katalogi ni yako na baba ni wako.

Baridi ya asubuhi imenishika goti. Nikichelewa kujibu usishangae.

Waweru

*

Jumatano, 12 Februari

Dada Mabruka, sasa,

Naandika haraka nyuma ya karatasi ya dawa, wateja wako kwa laini. Baba hayuko sawa tangu jana. Alisoma barua yako, akaikunja, akaiweka kwa Bible, na chai ikapoa hapo mbele yake. Kwa kawaida akimaliza barua yako ananisomea yote hata kama nimefunga mlango. Hii hakunisomea.

Leo asubuhi nimempata amekaa na ile koti yake ya zamani kwa mapaja, anaipiga brashi. Nikamuuliza, "Baba, kwani unaenda wapi?" Akasema, "Siendi mahali." Alafu akaniuliza kama Ijumaa ni kesho ama kesho kutwa.

Ijumaa kuna nini? Barua zenu sisomi, mimi ni posta tu. Lakini kama kuna kitu uliandika, hebu jikumbushe.

Hannah

*

Hurlingham,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Ami Waweru,

Nakuandikia nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na sijanawa, kwa sababu nataka barua hii iondoke na Hannah jioni hii.

Hannah aliponiuliza Ijumaa kuna nini, nilijua papo hapo. Katika barua yangu yote Ijumaa ilitajwa mara moja, na ilikuwa ya Mutinda na magunia. Leo asubuhi nilikimbia chumbani River Road nikakuta gunia moja. Mlinzi akaniambia kwa furaha kwamba Mutinda alikuwa na safari ya upande huu, akaona asinisumbue kesho, akatangulia na la kwanza. Nilichukua teksi mpaka Kangemi, nikauliza kila mtu, na nikamkuta Mutinda uani kwake, amekaa juu ya gunia langu anakunywa chai.

Akasema, "Lakini mama, si ulisema hizi ni takataka?"

Nikamwambia, "Nilisema. Nilikosea. Inuka tafadhali."

Akanitazama, akaitazama chai. "Sawa, lakini wacha nimalize. Nikisimama itamwagika." Nikangoja amalize, Ami. Sikuwahi kuona kikombe kirefu namna ile.

Nyumbani nilifungua bahasha moja nikainua negativu dirishani. Ni Baba. Amekaa kwenye kile kiti cha wateja, kichwa amekirusha nyuma, anacheka na pengo lake lote liko nje. Mimi Baba sikuwahi kumwona akicheka kwenye picha. Katika zote tulizonazo ana uso wa pasipoti. Bahasha iliyofuata ni Mama, amenibeba, haitazami kamera, ananitazama mimi, na mkono wangu uko mdomoni mwake. Nina miaka arobaini na saba, na sikujua kuna mtu aliyekuwa ameona hivyo na kuhifadhi. Nililia, nakwambia ukweli, nikiwa nimekaa sakafuni katikati ya magunia.

Zote zimekatwa kona.

Walioruhusiwa kugusa kamera ile walikuwa wawili. Mmoja wao yuko kwenye kiti anacheka. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu kwa habari za vifungo: nani aliyepiga picha hizi? Na kwa nini uliniambia nifanye ninavyoona?

Mabruka

*

Uthiru,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Mwanangu,

Ni mimi. Nawa uso kwanza, ndipo usome.

Nilipoingia kazi 1974 sikujua lolote. Baba yako alikuwa akisafisha filamu zangu na zake pamoja kwenye chumba cha giza, na zikikauka hawezi kujua zipi za kurekebisha. Akachukua mkasi akakata kona ya zangu. Akasema, "Hii ni alama ya mwanafunzi. Ukijua kazi tutaacha." Jioni tulikaa tukazitazama moja moja. Huyu umemkata miguu. Huyu amefumba macho. Huyu ni mzuri, lakini mwambie asishike ukuta. Nilijifunza kwa kona hizo.

Baada ya miaka miwili mitatu nilijua kazi, na hakuacha. Mkasi ulikuwa umezoea. Mimi nami sikuuliza, ningeonekana natafuta cheo. Ikawa hivyo miaka thelathini na miwili. Wale waliotaka picha ya kitambulisho au ya kuning'iniza sebuleni alipiga yeye, maana hakuna aliyejua kumnyoosha mtu kama Amin. Watoto, wachumba na walevi alinisukumia mimi. Alisema, "Hawa hawatulii, nenda ukahangaike nao." Jina mlangoni lilikuwa Amin Studio na lilikuwa sawa. Kamera ni yake, mlango ni wake, na mshahara wangu haukuchelewa hata mwezi mmoja.

Sasa kwa nini nilinyamaza. Barua yako ya kwanza ilisema unaandika Amin kila mstari, na kwamba hiyo ndiyo nafasi uliyonayo. Nikajiambia, huyu mtoto anamtafuta baba yake. Mzee wa miaka sabini na minane atasimamaje mlangoni kusema nusu yake ni mimi? Nikaona heri zichomwe. Hilo la heri niliweza kulisema asubuhi. Kufika saa za chai sikuliweza tena. Niliwakumbuka wale watoto mmoja mmoja. Hannah ni wa kwanza kunishtukia, na leo amenikasirikia zaidi yako. Amesema amebeba barua wiki mbili na hakujua amebeba ujinga.

Nisamehe, niliificha kweli nikaita heshima.

Nitakuambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Siku tulipofunga studio, 2006, tulikuwa tumemaliza kufagia. Baba yako alisimama mlangoni akanishika mkono, akaushikilia kwa muda. Nikaona midomo yake inajipanga, anataka kusema kitu. Nikangoja. Mwishowe akageuka akaangalia msumarini akasema, "Usisahau koti." Basi. Nikalichukua, tukashuka ngazi, na baada ya miaka mitatu nikasikia amefariki. Koti ninalo. Lina kifungo kimoja na linanuka dawa ya nondo.

Gunia la Kangemi lilirudi lote?

Waweru

*

Hurlingham,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Ami Waweru,

Lilirudi lote, ila bahasha moja sasa ina alama ya kikombe cha chai.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi ambayo nilitakiwa kuifanya tangu mwanzo. Ile safu ya "aliyepiga" nimeifuta yote nikaanza upya. Kona nzima, Amin. Kona iliyokatwa, Waweru. Vifungo vimenipa miaka, na majina uliyoniandikia kwenye zile karatasi tisa alizoleta Hannah yamenipa watu. Umewakumbuka hata walevi kwa majina ya mama zao.

Hesabu imetoka hivi: bahasha za Amin mia sita na kumi na moja, za Waweru mia sita na arobaini na nane. Nitasema wazi, niliumia kidogo. Nilikuwa nimejenga baba mmoja mkubwa na nikaona nusu ya ukuta inaondoka. Nilikwenda kulala nimenuna. Asubuhi nikaichukua ile anayocheka nikaitazama tena, nikaona kwamba bila wewe nisingekuwa na baba anayecheka hata mmoja. Kununa kukaisha. Odhiambo alipouliza mkusanyo uandikwe kwa jina gani, nilimwambia Amin na Waweru. Akasema fomu ina nafasi ya jina moja. Nikamwambia aandike kwa herufi ndogo.

Ungedhani yameisha. Leo nilikuwa naosha mkebe wa mwisho nikakuta karatasi ya kutandikia chini, na chini ya karatasi kuna bahasha isiyo na nambari. Imefikisha za Baba mia sita na kumi na mbili. Negativu iko moja, kona yake nzima. Nimeichapisha, na Hannah anakuletea pamoja na barua hii. Ni wewe. Umelala kwenye kiti cha wateja mchana kweupe, mdomo wazi, umevaa koti la studio, vifungo viwili, na kamera umeikumbatia kifuani kama mtu anayeogopa kuibiwa mtoto. Ndiyo picha pekee niliyokuona ndani yake katika mikebe yote.

Nyuma ya bahasha kuna mwandiko wa Baba. Nanukuu, sikuongeza wala kupunguza:

"Waweru, Machi 1986. Huyu amenizidi. Nitamwambia siku tutakayofunga."

Alhamisi nazipeleka maktaba. Ijumaa baada ya swala nitakuja Uthiru, ukinikaribisha.

Mwanao,
Mabruka

*

Uthiru,
Jumatano, 26 Februari 2025

Mwanangu Mabruka,

Hannah alinikabidhi bahasha akakaa kunitazama usoni, jambo ambalo posta haifanyi. Nikamwambia akachemshe maji. Akasema yamechemka.

Nimesoma. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Miaka kumi na tisa nimekaa na mtu huyo nikidhani alikuwa anazungumza habari ya koti.

Sasa nimekasirika naye, na nina furaha, na sijui nianze na lipi. Mtu anashikilia mkono wako mlangoni, neno amelibeba miaka ishirini, halafu anageukia msumari. Lakini namjua Amin. Angeniambia 1986 ningeacha kusikiliza akinisahihisha, na pengine ningemwomba mshahara mwingine. Ukienda Mombasa kaburini mwambie nimesikia. Mwambie ni Waweru amesema, na kwamba masikio yangu yanachagua.

Ile picha ya kulala haikubaliki. Mdomo uko wazi. Iandike kwenye katalogi kwa kuwa ni yake, lakini isiwe ndiyo peke yake ya Waweru itakayobaki duniani. Ijumaa njoo na kamera yako, hata kama ni ya simu. Mimi nitavaa koti na kunyoa. Hannah atashika shuka nyuma yangu badala ya pazia, nimeshamwambia na amekataa, kwa hiyo atashika. Utapiga wewe. Usinikate miguu, usiniambie nicheke, ngoja mpaka nisahau kwamba upo.

Ukimaliza tutaichapisha hapa kwa jirani mwenye mashine, kisha uniletee mezani. Mkasi nimeshaunoa. Kona ya juu kulia nitaikata mwenyewe, halafu tutakaa tuitazame nikuambie ulipokosea.

Waweru